Chumvi ya Umeme

Kila akitoka shuleni, Milembe alitafuna michembe yake, viazi vitamu vilivyokaushwa, akiwa amesimama, akavua sare, kisha akawafungulia ndama wa baba yake. Kazi yake ilijulikana: awapeleke korongoni, kwenye udongo wa chumvi, walambe, wanywe maji, warudi kabla ng'ombe wakubwa hawajaingia zizini. Korongo lilikuwa mbali, na jua la Bariadi halina huruma. Njiani aliwapita wenzake wakicheza mpira wa rede, naye akawaonea wivu.

Mwaka ule wanunuzi binafsi wa pamba walikuwa wameingia kijijini, kila mmoja na mzani wake, wakigombea wakulima kama wachumba. Mzee Masele, baba yake Milembe, aliuza vizuri. Ndugu zake walitegemea aongeze ng'ombe. Yeye akaleta sola.

Fundi Deogratias alitoka mjini kuja kuifunga. Alisimamisha paneli juu ya nguzo ya chuma kando ya nyumba ya bati, akaingiza nyaya kwenye chumba chenye betri. Mwisho akateremsha waya mmoja kutoka kwenye fremu ya paneli hadi chini, akaubana kwenye fimbo ya shaba aliyoigongomea ardhini. Kuizunguka fimbo alichimba shimo, akalijaza mkaa na chumvi.

"Fundi, unaunga mboga?" aliuliza Salvatory, kaka yake Milembe. Watu wakaangua kicheko.

"Cheka tu, kijana," alijibu fundi. "Udongo mkavu haupokei umeme. Mkaa na chumvi vinashika unyevu. Radi ikipiga karibu, waya huu wa ardhini unaipa njia ya kushukia, isihangaike na walio ndani. Taa zitawaka hata waya huu usipokuwepo. Ndiyo maana watu huudharau."

Fundi alikumbuka kila kitu isipokuwa kimoja: alikuwa kwenye kaya ya wafugaji. Haikupita wiki, ndama waliinusa ile chumvi.

Milembe aliwakuta wameinamisha vichwa, wanalamba shimo kwa raha, mikia ikicheza. Akatabasamu. Korongoni kwenda kufanya nini, na chumvi ipo nyumbani? Tangu siku hiyo aliwafunga pale nyuma ya nyumba, akakimbilia rede. Jioni akiulizwa, alijibu, "Wamelamba, baba." Na kweli walikuwa wamelamba.

Walilamba, wakaparua, wakachimba kwa kwato. Mchana mmoja lori la pamba lilipita likipiga honi. Ndama mwekundu akashtuka, kamba yake ikajisokota kwenye waya, akavuta kwa nguvu zake zote. Waya ukachomoka kwenye fimbo.

Milembe alifika mbio. Akautazama waya unavyoning'inia. Akageuka huku, akageuka kule, hakuna mtu. Akauchomeka kwenye udongo karibu na fimbo, akaufukia kwa mguu, akakanyaga kidogo juu yake. Jioni hakula vizuri, macho yalikuwa kwenye taa. Baba akabonyeza swichi. Taa zikawaka, redio ikaimba. Milembe akashusha pumzi.

Lakini pumzi haikushuka yote. Alilala akigeuka kama chapati. Darasani mwalimu alimwita, naye akaitikia jina la mwenzake. Rede nayo haikumnogea tena. Mpira ulimpiga mgongoni akiwa anatazama angani.

"Milembe, unahesabu kunguru?" walimtania.

Hakuwa akitazama kunguru. Upande wa Serengeti mawingu yalikuwa yameanza kujipanga, meusi, na ngurumo zilisikika kwa mbali. Ndipo akamkumbuka dada yake Lukresia, aliyerudi nyumbani kujifungua. Yeye na mtoto wake mchanga walilala kwenye chumba kile kile chenye betri.

Milembe aliacha mchezo katikati. Alikimbia hadi nyumbani. Alimkuta baba uani, akianua pamba iliyobaki.

"Mwadila, baba," alisalimia.

"Mwadila, ng'wanawane. Mbona unahema hivyo, mwanangu? Ndama wako wapi?"

"Baba, waya wa ardhini umekatika. Hapana, haukukatika. Ndama aliuchomoa. Nilikuwa nawafunga pale walambe chumvi ili nikacheze. Nikaufukia. Nikaona taa zinawaka, nikanyamaza."

Mzee Masele alibaki ameshika pamba mkononi. Akayatazama mawingu, akautazama mlango wa Lukresia.

"Lukresia! Chukua mtoto, nenda kwa mama yako mdogo. Sasa hivi! Salvatory, zima umeme, kisha lete spana na kisu. Upesi, radi bado iko mbali. Ikikaribia hatugusi kitu."

Alifukua shimo, akaukwangua waya hadi ukang'aa, akaubana kwenye fimbo, akaukaza. Alipouvuta haukutikisika. Milembe alileta ndoo ya maji, wakamwagia shimo, wakalifunika. Salvatory akakata miiba, wakazungushia ua mdogo kama zizi la kuku.

Matone ya kwanza yaliwakuta wakiingia kwa mama mdogo. Mvua ikamwagika, ngurumo zikatikisa bati. Radi haikupiga pale kwao siku ile. Milembe aliketi karibu na Lukresia, akimtazama mtoto anavyonyonya bila habari.

"Baba," alisema kwa sauti ndogo, "kumbe ningenyamaza, kusingetokea kitu."

"Leo," alijibu Mzee Masele. "Na kesho? Msimu wote wa mvua uko mbele. Sikiliza, ng'wanawane. Taa zilikudanganya. Kwa kuwa ziliwaka, ukadhani mambo ni mazima. Kitu kikiharibika mahali pasipoonekana, anayejua ni mmoja tu. Huyo akinyamaza, wengine wote wanalala hatarini na hawajui. Uvivu wako ulikuwa wa kuondolewa kwa viboko, nami nilivifikiria. Lakini umekuja na ukweli kabla ya radi, wala hukusubiri uulizwe. Huo ndio ukubwa."

"Na ndama, baba?"

"Ndama wako watakwenda korongoni, kila siku, na wewe nyuma yao."

"Ndiyo, baba," alisema Milembe. Kisha, mvua ikiwa bado inanyesha, akalala usingizi pale pale alipoketi.