Mawe ya Uchovu

Wariara alifika juu ya mlima bila kuhema.

Gicheru, mumewe, aliliona jambo hilo kabla ya mtu mwingine, na kwanza likamfurahisha. Yeye mwenyewe alikuwa ameinama, mikono magotini, jasho likidondokea raba zake mpya. Mutie, kiongozi wao, alisimama pembeni akicheka.

"Mzee Gicheru, hizi ni mbio za likizo tu. Zingekuwa za mashindano ungefanya nini?"

"Ningekufa," Gicheru akasema. "Na ungenibeba wewe."

Wariara alisimama kati yao, mdomo umefungwa, akitazama ukungu wa Julai ukipanda kutoka kwenye mashamba ya kahawa. Kifua chake hakikuinuka wala kushuka. Hata hivyo kuhema kulisikika. Kulitoka nyuma yake kidogo, kwenye kijia kisichokuwa na mtu: pumzi za mwanamke aliyechoka, zikivutwa kwa shida na kuachiliwa kwa mlio mdogo mwishoni. Gicheru aliujua mlio ule. Aliusikia kila mkewe alipopanda ngazi za nyumba yao Nairobi.

Ndila, mke wa Mutie, akatokea kwenye ukungu. Yeye ndiye aliyekimbia mwisho siku zote, ili mgeni asipotee kwenye njia panda. Alimtazama Wariara, akatazama kijia, akamtazama tena.

"Nimekuambia pole njia nzima, mama. Si ni wewe ulikuwa unahema hapa mbele yangu?"

"Mimi sijachoka," Wariara akajibu.

Zile pumzi zikakoma. Ikabaki harufu nyepesi ya mafuta ya kupaka mtoto mchanga, na upepo ukaichukua.

Walikuwa wamekuja Kilungu, kwenye milima ya Ukambani, kupumzika. Mwaka huo wa 1988 Mutie na Ndila walikuwa wakipokea wageni wachache kutoka mjini na kuwakimbiza polepole kwenye vijia vya milimani, tuta kwa tuta, wakisimama kula machungwa na kusalimia watu mashambani, na jioni wakiwapikia muthokoi wa mahindi na maharagwe. Hakukuwa na saa wala mshindi. Gicheru alisikia habari zao kazini, akaomba likizo. Wiki hiyo hakukuwa na wageni wengine.

Mtoto wao, Wahome, alikufa Aprili kwa surua kabla hajajua kutembea. Alikuwa na jina la babake Gicheru, kwa hiyo Gicheru alikuwa akimwita "baba", na Wariara akawa Mama Wahome kwa kila mtu, sokoni na kanisani. Baada ya mazishi watu hawakujua wamwite nani. Walirudia jina lake la usichana kwa sauti ya chini, kama mtu aliyevuliwa cheo. Tangu hapo alilia. Alilia akiosha vyombo, alilia akisubiri chai ichemke, alilia usingizini. Gicheru alitaka jambo moja tu: kurudi nyumbani na mke aliyemwoa.

Siku waliyofika, Mutie aliwapeleka kwenye rundo la mawe pale barabara ya gari inapokutana na kijia cha mlimani. Lilimfikia mtu kiunoni. Zamani kila aliyepanda na mzigo alisimama hapo, akaokota jiwe, akalitemea mate, akalisugua gotini na kulitupa juu ya mengine ili uchovu wake ubaki. Mutie aliyajua hayo kwa wavulana aliochunga nao mbuzi. Babake alikuwa mzee wa kanisa na hakumfundisha lolote la kale. Mutie mwenyewe ameokoka, na kwake mawe yalikuwa mchezo wa kuchekesha wageni.

"Uambie mlima, chukua uchovu wangu!" alipaza sauti. "Ukinyamaza, kesho utapanda juu kwa punda, na punda wangu anauma."

Gicheru alitupa lake akicheka. Ndila hakuokota. Wariara alikawia. Hakulisugua jiwe gotini. Alilisugua kifuani, chini ya titi la kushoto, taratibu, midomo ikitikisika, kisha akaliweka juu ya rundo kwa mikono miwili, kama anayelaza mtoto. Gicheru aliona, akageuza macho.

Usiku ule Wariara alilala bila kulia. Kesho yake ndipo alipopanda mlima bila kuhema.

Jioni ya siku hiyo aliingia jikoni kumsaidia Ndila. Aliipua sufuria ya muthokoi kwenye moto wa kuni kwa mikono mitupu. Hakuharakisha. Alivuka nayo ua, akaingia sebuleni, akaitua mezani, akaanza kupakua, na harufu ya ngozi iliyoungua ikachanganyika na harufu ya chakula.

"Asi! Mama, mikono yako!" Ndila alipiga kelele.

Wariara alivigeuza viganja na kuvitazama.

"Ndiyo," alisema. "Imeungua."

Gicheru alimfunga vitambaa chumbani. Viganja vilikuwa vimeota malengelenge, na Wariara alivinyoosha mbele kama mtu anayepimwa glavu.

"Huumwi?"

"Hapana."

"Hata kidogo?"

"Nimekuambia hapana, Gicheru."

Alifunga fundo la mwisho. Kisha akauliza lile ambalo alikuwa akilikwepa tangu mlimani.

"Unamkumbuka Wahome?"

"Mtoto aliyekufa," akasema, kwa sauti ya mwanafunzi anayeulizwa jina la mto. "Alikuwa na meno manne. Kuna chai imebaki?"

Gicheru alijua kwamba alipaswa kuogopa. Lakini alikuwa amebeba kilio cha miezi mitatu, na chumba kilikuwa kimya, na ukimya ule ulikuwa mtamu. Alimletea chai. Akazima taa.

Siku ya tatu hawakukimbia. Ukungu haukuinuka. Mchana kilio kikaanza kusikika chini kwenye mikaratusi, mara upande huu, mara ule, kama mtu aliyepotea anayetafuta boma la watu. Kuku waliingia bandani mapema. Jua lilipokuwa linatua kilio kilikuwa kimefika kwenye ua wa miiba ya kayaba, na harufu ya mafuta ya mtoto ilikuwa imejaa sebuleni. Wariara alikaa kwenye kiti chake, magoti pamoja, akitazama ukuta.

Ndila alimvuta Gicheru mpaka kwenye kona ya ghala.

"Nyanya yangu alisema pale kwenye mawe unaacha uchovu wa miguu peke yake," alinong'ona. "Ukiacha wa moyoni umeacha nyumba bila mtu. Na nyumba bila mtu haikosi mpangaji."

"Na kile ulichokiacha? Kinaenda wapi?"

"Hakumaliza. Baba aliingia, akamkataza kutuambia mambo ya kishenzi. Nilikuwa mdogo."

"Mutie anajua?"

"Mutie anajua kutupa mawe."

Mutie alikuwa ameshakwenda kuwaita akina mama wa maombi. Walikuja na shali mabegani na taa ya karabai, wakiongozwa na Nzilani, mwanamke mpana mwenye sauti ya kufika bonde la pili. Alisimama mlangoni akavuta pumzi kwa pua.

"Bwana asifiwe. Hii harufu ni ya nani?"

"Hatujui, mama," Mutie akasema. "Iko nje. Inalia. Inamfuata mgeni wetu."

"Ni jini. Majini yanajua kulia, ili uyafungulie. Funga mlango."

Aliyefunga mlango alikuwa Wariara. Aliinuka, akasukuma komeo kwa kiganja chenye kitambaa, akarudi kukaa. Nzilani akamshika bega.

"Usiogope, binti yangu. Leo kitaondoka."

"Siogopi," Wariara akasema. "Kifukuzeni."

Wakaanza pambio. Walipiga makofi, wakapiga miguu chini, na Nzilani akanyoosha mkono kuelekea mlangoni akaamuru, na kila alipoamuru kilio kilijibu kwa nguvu zaidi, kikasogea, kikavuka ua, kikapita jikoni, mpaka wote wakasikia kucha zikikwaruza mbao za mlango chini kabisa, pale ambapo mtu aliyepiga magoti angekwaruza. Mwanamke mmoja alianza kulia kwa woga. Mutie alikuwa amefumba macho. Wariara alijimiminia chai iliyotoka kuchemka na kuinywa yote bila kupuliza, na mvuke ukatoka mdomoni mwake alipokiweka chini kikombe, na hakuna aliyemwona ila Gicheru, ambaye alikuwa amekaa karibu naye akitazama uso ule aliouoa na kuona kwamba haukuwa na huzuni, wala furaha, wala usingizi, wala njaa, kama chumba kilichofagiliwa, na kwamba kutoka ndani kabisa ya chumba kile kulikuwa na kitu kilichokuwa kinamtazama kwa subira.

Hapo akaita jina ambalo hakuna aliyekuwa amelitamka tangu mazishi.

"Mama Wahome!"

Wariara hakugeuka.

Nje, kilio kikakatika.

"Eee?" ikajibu sauti ya mkewe mlangoni, imekauka, imechoka, na mlio mdogo mwishoni. "Gicheru? Nimetembea sana. Nifungulie."

Alirukia komeo. Mutie alimdaka kiunoni, na akina mama watatu wakamshika mikono.

"Usifungue, mzee! Inaiga!"

"Ni yeye! Niachilieni, ni yeye yuko nje!"

"Mke wako yuko hapa, baba. Amekaa. Muone."

"Huyo si yeye!"

"Mshikeni, limeanza kumshika na yeye!" Nzilani akapaza sauti. Ni Ndila tu aliyesimama, akasogea hatua moja kuelekea mlangoni, kisha akamtazama mumewe, akawatazama wale wanawake aliokuwa akisali nao kila Jumapili, akabaki palepale mkono umeinuliwa. Wakaimba kwa nguvu zote walizokuwa nazo, wakiwa wamemkalia Gicheru miguuni na mgongoni, wakaimba mpaka sauti zikapasuka, na sauti ya nje iliyokuwa ikiomba ikaanza kuomba msamaha, ikaomba msamaha kwa kosa isilolijua, ikarudi nyuma kupita jikoni, kupita ua, ikateremka kwenye mikaratusi, ikawa ndogo, ikawa mbali, ikawa haipo. Harufu ya mafuta ya mtoto ikatoka chumbani kama maji yanavyotoka kwenye karai lililotoboka.

"Haleluya," Nzilani akasema, akajifuta uso kwa shali. "Kimeshindwa."

Walimwachilia Gicheru. Alibaki sakafuni. Alitafuta hasira hakuiona, alitafuta machozi hayakuja. Miguu yake ilikuwa imekufa ganzi pale walipoikalia.

"Asanteni sana," Wariara aliwaambia, akisimama kumshika mkono kila mmoja. "Alikuwa ananisumbua."

Waliondoka asubuhi. Mutie alipakia mizigo kwenye Datsun yao na kuomba Mungu awalinde safarini. Hakumtazama Gicheru machoni. Ndila hakutoka jikoni.

Walipofika pale kwenye rundo la mawe Gicheru alisimamisha gari.

"Nataka kujisaidia kidogo."

"Sawa," Wariara akasema.

Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba barabara ilipotea baada ya magurudumu ya mbele. Alitembea mpaka kwenye mawe, akalitafuta jiwe lake Wariara juu ya rundo, lakini mawe yote yalifanana, yamelowa. Alipiga magoti. Aliogopa kupaza sauti, na aliogopa zaidi kuondoka bila kuipaza.

"Mama Wahome," akaita.

Maji yalidondoka kwenye majani.

"Mama Wahome. Ni mimi."

"Eee?"

Ilitoka mbali, bondeni, chini ya mashamba ya mwisho. Gicheru alishika jiwe kwa mikono yote miwili.

"Njoo," alisema. "Njoo twende nyumbani."

"Wale akina mama wameondoka?"

"Wameondoka."

"Waliniogopesha." Sauti ilikuwa imesogea. "Nilidhani ni wewe umewatuma."

"Si mimi. Nakuapia. Njoo."

Alisikia pumzi zile, bado mbali, zikingoja kwa hadhari, kama mnyama aliyepigwa anavyomngojea aliyempiga.

"Na yule aliyekaa mahali pangu," sauti ikauliza, "umemtoa?"

Gicheru aligeuka. Ukungu ulikuwa umepungua kidogo, na aliona upande wa gari na dirisha, na kichwa cha mkewe kimesimama wima kikitazama mbele. Alifikiria barabara ya Nairobi. Alifikiria nyumba ile na miaka yote iliyobaki ya ukimya. Kama angesema ukweli, pumzi zile zingerudi bondeni na asingezisikia tena.

"Nimemtoa," akasema. "Ameshaondoka. Kimbia, mama."

Akasikia miguu mitupu ikipanda kwenye kijia, kwa kasi, ikiteleza kwenye matope na kuinuka, na sauti ikicheka na kulia kwa pamoja, ikija kwake. Na nyuma ya Gicheru, taratibu, mlango wa gari ukafunguliwa.