Hodi Niliyoiitikia

Jioni ile nilirudi kutoka falaji, mfereji wetu unaopita chini ya mitende, na ndoo ya maji kichwani. Nikatia komeo mlangoni, nikaketi uani kuosha mchele. Kijiji chetu, nje kidogo ya mji wa Ibra, Omani, saa hizo hukaa kimya mpaka unayasikia maji yakienda.

Nilikuwa na wiki moja tu katika nyumba ile. Nyumba ya udongo, kuukuu, ya ghorofa moja, lakini yangu. Ilikuwa mwaka wa sabini na sita. Tangu tutolewe kwetu Unguja nimelala Mombasa kwa shangazi, Dubai kwa binamu, Maskati kwa shemeji. Kila mahali naambiwa, "Karibu, mgeni." Nilipopata kazi ya ualimu Ibra nikasema basi, sasa nanunua pangu.

Dada yangu Azza alinionya. "Ghaniya, nyumba rahisi hivyo ina lake."

"Likiwa lipo nitalijua mimi," nilimjibu.

Sleyum, aliyeniuzia, alinipa ufunguo pale pale nje. Nilimwambia aingie tunywe kahawa. Akakitazama kizingiti, akasema ana haraka. Nikacheka moyoni. Mwanamume mzima na ndevu zake!

Basi naosha mchele wangu... nikasikia mlangoni:

"Hodi."

Sauti ya mwanamke. Laini, ya mtu aliyelelewa.

"Karibu!" nikaitikia, mikono imo ndani ya mchele.

Ndipo mikono ikasita. Kijiji kizima kile, hakuna anayejua Kiswahili ila mimi.

Na mlango nilikuwa nimeutia komeo.

Ko... ko... ko...

Mitalawanda. Vile viatu vya mti alivyokuwa akivaa bibi yangu kwendea chooni. Ikapita ukumbini, ikapanda ngazi taratibu, ikanyamaza juu ya kichwa changu. Ikafuata harufu ya langilangi, ua la kwetu Unguja. Langilangi, Ibra! Huku mti wake hauoti.

Nilichukua taa, nikapanda. Chumba kitupu. Vumbi la sakafuni halina hata alama ya unyayo. Niliogopa, sikufichi. Nililala uani, Msahafu kifuani.

Kesho yake alasiri nilimwendea jirani yangu Hamda, mzaliwa wa pale pale. Nilipomtajia mitalawanda akainuka, akafunga dirisha.

"Ni yule Mzinjibari," alininong'oneza kwa Kiarabu. "Babu yake Sleyum alimuoa kwenu, akamleta huku. Akamwahidi atamrudisha kwao. Hakumrudisha. Kila jioni alikuwa akizunguka milangoni mwetu, anasema neno moja tu. Mama zetu hawakulijua, hawakumfungulia. Amekufa, na bado analisema. Waliokaa mle wote wamelisikia."

"Hodi," nilisema.

Hamda akajiziba mdomo. "Ndilo hilo. Na wewe, yaa Ghaniya... umemjibu?"

Nilirudi Magharibi inakaribia. Mlango uko vile vile nilivyouacha, na kufuli lake. Nikalifungua. Na kwa mazoea, kwani sisi hata nyumba tupu hatuiingii hivi hivi, nikapiga hodi.

"Karibu, mgeni," ikajibu sauti kutoka ndani.

Nilitaka kukimbia, wallahi. Lakini neno lile! Mgeni. Miaka yote ile naitwa mgeni, nakula kwa haya, nalala kwa ruhusa, na sasa naitwa mgeni kwenye mlango wangu mwenyewe! Hasira ikanipanda, hofu ikakosa pa kukaa.

Nikausukuma mlango kwa teke.

"Mgeni nani?" nilipiga kelele. "Mimi nilifukuzwa na wenye bunduki, na wewe huna hata bunduki! Nyumba hii nimeinunua. Mgeni ni wewe, na aliyekukaribisha ni mimi. Kaa huko juu, sitakutoa, najua kutolewa kulivyo. Lakini huku chini ni kwangu!"

Kutoka juu:

Ko.

Moja tu. Kisha basi.

Nikabandika kahawa. Nusu yake niliimwaga. Lakini sikuhama.

Azza alikuja kunitazama siku ya Idi. Mimi nilikuwa falaji. Niliporudi nilimkuta kasimama nje, mzigo mkononi, anatabasamu.

"Alhamdulillahi, umepata mtu wa kukaa naye," alisema. "Na Kiswahili chake kitamu, cha mjini hasa. Mbona hukunambia?"

Nikaitua ndoo. "Kakwambiaje?"

"Nimepiga hodi. Akasema, 'Karibu. Mgeni wangu kenda kuchota maji.'"

Nilimweleza. Azza aliondoka kabla ya Magharibi, na biriani hakuigusa. Alinivuta mkono nifuatane naye, akalia. Nami nililia, lakini nilimwambia siendi. Mimi nina kwangu.

Na nipo mpaka leo. Hodi sipigi tena mlango ule, nausukuma, naingia. Juu kule huwa kimya kidogo kwanza, kama kuna mtu anayengoja nimuombe ruhusa.

Atangoja sana.