Mbuzi Aliyesingiziwa

Kila asubuhi katika mtaa wa Galbet, mjini Garissa, Bi Jawahir alikuwa na kazi mbili kabla jua halijaanza kuchoma: kumkama mbuzi wake mweupe aitwaye Adey, na kumkalisha binti yake kitako anywe chai. Kazi ya kwanza ilikuwa rahisi, kwa kuwa Adey alisimama tuli akicheua. Kazi ya pili ilimshinda. Nasteho, msichana wa miaka kumi na miwili, alikunywa chai akitembea, akafunga kamba za viatu akirukaruka, na lau ingewezekana angelala akikimbia.

“Keti, hooyo!” mama yake alimwambia. Hooyo ni mama kwa Kisomali, na mama naye humwita mwanawe vivyo hivyo. “Wewe ni kiguu na njia tangu ulipojua kusimama.”

“Nimeketi, Hooyo,” Nasteho alijibu akiwa tayari yuko mlangoni.

Siku hizo alikuwa na sababu ya kutotulia. Shuleni kwao, Mwalimu Najib aliendesha chama cha kazi za mikono, na muhula ule kila wanafunzi wawili walipewa boksi moja. Ndani ya boksi kulikuwa na gari dogo la plastiki, lakini, ebo! lilikuwa vipande vipande, themanini na vitatu kwa hesabu, vikiwa vimeshikiliwa kwenye fremu. Ilibidi kila kipande kikatwe, kisuguliwe kwa msasa, kigandishwe kwa gundi, kisha gari lipakwe rangi. Siku ya Jumanne yangefanyika maonyesho, na wawili watakaoshinda wangeiwakilisha shule mjini Nairobi. Nasteho hakuwahi kufika Nairobi. Aliitaka safari ile kuliko nguo mpya za Idi.

Mwenzake katika kazi hiyo alikuwa Iftin, rafiki yake wa tangu darasa la kwanza. Boksi lao lilikuwa la Landkruza, nao hawakutaka liwe kama picha ya kwenye boksi. Walitaka gari la kwao. Walitengeneza keria ya juu kwa waya, wakakata raba ya ndala kuukuu kuwa vizuia matope, na Iftin akaandika “Mashallah” juu ya kioo cha mbele kwa herufi ndogo ajabu. Iftin alikuwa na mkono mtulivu. Alikata kipande kwa kikata kucha, akakisugua, akakijaribu, akakisugua tena. Nasteho alimtazama huku nyayo zake zikipiga sakafu, akitamani kumnyang’anya msasa.

Ijumaa gari lilikamilika, likabaki kupakwa rangi nyeupe. Kupaka ilikuwa zamu ya Nasteho.

“Kesho upulize tabaka moja tu, jembamba,” Iftin alimwambia akimkabidhi gari na kopo la rangi ya kupuliza. “Kisha uliache kivulini mpaka Jumapili. Mwalimu alisema jua ni adui wa plastiki.”

“Najua, najua.”

“Uape.”

“Wallahi,” Nasteho aliapa, mguu mmoja ukiwa umeshaanza safari ya nyumbani.

Jumamosi asubuhi alipuliza tabaka la kwanza. Plastiki ya kijivu bado ilionekana chini ya weupe, akaona vibaya. Akaongeza. Akaongeza tena, hadi rangi ikaanza kutiririka milangoni. Alingoja dakika kumi, akagusa kwa kidole, na alama ya kidole ikabaki. Akangoja dakika tano nyingine, akagusa, ikawa pale pale.

“Kivulini hapa itakauka lini?” alijiuliza kwa hasira. “Na jua la Garissa lipo bure!”

Alitupa macho juu ya paa la jikoni. Kwenye mabati yale mama yake alianika nguo zikakauka kabla hajamaliza kufua nyingine. Nasteho alipanda juu ya pipa la maji, akaliweka gari juu ya bati, akashuka amejaa furaha. Akatumwa sukari dukani. Njiani aliwakuta wenzake wakiruka kamba, naye akaruka mpaka adhana ya Adhuhuri ikamkumbusha nyumbani.

Alipopanda tena juu ya pipa, lo! Gari lilikuwa limelegea. Sehemu ya nyuma ya paa ilikuwa imelala juu ya viti, na keria ya waya imezama ndani yake. Aliliteremsha, akapiga magoti uani. Safari ya Nairobi imekwenda. Kazi yote ya Iftin imekwenda. Na alikuwa ameapa! Adey akaja polepole, akanusa gari na kupiga chafya.

“Una nini hapo?” Bi Jawahir aliuliza akitoka jikoni.

Mdomo wa Nasteho, kama miguu yake, haukujua kungoja. “Ni Adey, Hooyo! Ametafuna gari letu!”

Alitarajia mama yake atasema pole. Badala yake uso wa Bi Jawahir ulibadilika. “Amemeza?”

“Ka… kidogo.”

“Plastiki yenye rangi mbichi? Ya Rabbi! Hiyo ni sumu!” Bi Jawahir alimshika Adey pembe, akamtazama machoni. Mwaka uliopita mbuzi wao mwingine alimeza mifuko ya plastiki. Walisubiri siku mbili wakitumaini atapona, na siku ya tatu wakamkuta amekufa. Mzoga hauliwi. Walimburuta jalalani, wakakosa maziwa, wakakosa na nyama. “Safari hii singoji,” alisema. “Achinjwe angali mzima, sumu haijaenea nyamani. Kifunge kitoto chake mbali, kisinyonye sumu.”

Alitoa simu akampigia ndugu yake, Barre, aje na kisu.

Nasteho alikifunga kitoto cha Adey kwenye nguzo ya mlango. Kikaanza kulia, meee, meee, kikivuta kamba kuelekea kwa mama yake. Nasteho aliziba masikio, lakini wapi! Sauti ilipenya.

Abti Barre, yaani mjomba Barre, alikuwa fundi wa kupaka malori rangi, ila utotoni alichunga mbuzi kule Bura. Alifika na kisu kimefungwa kitambaani. Alimpapasa Adey tumbo, akamfungua mdomo akachungulia ndani. Kisha akasema, “Hebu nilione gari lenyewe.” Aligeuza gari juu chini, akapitisha kidole gumba kila upande. Mwishowe akamtazama Nasteho kwa muda mrefu kidogo.

“Nitamchinja baada ya Asiri,” alisema. “Kwanza nikinoe kisu.”

Akaketi na jiwe lake, akaanza kunoa. Shwaa, shwaa. Nasteho alikwenda hadi kwenye lango, akarudi. Alikwenda chumbani, akatoka. Akisema kweli, Iftin hatamwamini tena, na mama yake je? Asiposema, Adey atakufa kwa kosa la mtu mwingine. Adey mwenyewe hakuwa na habari. Alimfuata Nasteho akamlamba kiganja, akitafuta chumvi ya jasho.

“Abti,” Nasteho aliita, “kisu bado?”

“Bado kidogo, abti,” Barre alijibu, kwani mjomba naye humwita mpwa wake vivyo hivyo. Shwaa, shwaa.

Alikwenda langoni tena, akarudi. “Abti, na kama… kama hakumeza?”

“Mwenye kujua ni aliyeona,” Barre alisema bila kuinua kichwa. “Mimi sikuwepo.”

Adhana ya Asiri ikasikika kutoka msikitini. Barre alikwenda kusali. Aliporudi alikichukua kisu, akashika kamba ya Adey, na kitoto kule mlangoni kikapiga kelele mpya. Nasteho alimrukia Adey, akamkumbatia shingo.

“Hakula! Wallahi hakula kitu! Ni mimi! Nililianika juu ya mabati ili rangi ikauke upesi, likapinda. Nimemsingizia, Abti. Usimchinje!”

Bi Jawahir alisimama kando yao na beseni mkononi, asijue aliweke wapi. Barre aliachia kamba, akakifunga kisu katika kitambaa chake.

“Alhamdulillahi,” alisema. “Kisu hiki kilikuwa kikali tangu asubuhi. Ungechelewa kidogo kingebaki mpini mtupu.” Akamwita Nasteho, akaufungua mdomo wa Adey. “Tia kidole hapa mbele, juu. Kuna jino?”

Nasteho alipapasa. Hapakuwa na jino hata moja, ila ufizi mgumu.

“Mbuzi ana meno ya mbele chini tu. Juu hana,” Barre alisema. “Akitafuna kitu, mtoto wa mchungaji huijua alama yake. Gari lako halina alama ya jino. Limelegezwa na jua.”

“Ulijua?” Nasteho aliuliza, machozi yakimtoka. “Mbona hukusema?”

“Ningesema mimi, ungekuwa mtu aliyefumaniwa. Nilitaka useme mwenyewe. Adey nisingemgusa.”

Bi Jawahir alipopata sauti, aliitumia yote. “Wewe mtoto! Ningemchinja mbuzi wangu wa maziwa, mama wa kitoto kichanga, kwa sababu ya uongo wako!” Alipotulia akatoa adhabu. “Kuanzia kesho wewe ndiye utakayemkama Adey kila siku. Na mbuzi hakamwi na mtu anayerukaruka.”

Kabla ya Magharibi, Barre alimsindikiza mpwa wake hadi kwa kina Iftin. Nasteho alieleza yote, hata habari ya mbuzi. Iftin alilipokea gari, akaigusa keria iliyozama.

“Uliapa,” alisema.

“Niliapa. Nisamehe. Sitaki hata kuligusa tena kama hutaki.”

Iftin alisogea penye mwanga. Alilizungusha gari, akalitazama huku na huku. “Nyuma paa limeharibika,” alisema, “lakini mbele ni zima.” Akachora mstari kwa penseli nyuma ya viti vya mbele. “Tukikata hapa?”

Barre alicheka. “Barabara ya Bura imejaa magari yaliyokatwa hapo hapo! Hiyo ni pikapu ya kubeba maziwa ya ngamia.”

Jumapili walilikata kwa kipande cha msumeno wa chuma alichowaletea Barre. Walichonga vidumu vidogo vya maziwa kwa mabaki ya fremu, wakavipaka rangi ya manjano. Barre alimwonyesha Nasteho jinsi ya kupuliza kwa mbali, mkono ukipita bila kusimama. “Rangi si uji, abti, haimwagwi,” alimwambia. Tabaka moja Jumapili, jingine Jumatatu, yote kivulini. Nasteho alingoja akiwa ameikalia mikono yake. Mara mbili aliinuka kwenda kugusa, na mara mbili Iftin alimtazama tu, naye akarudi kuketi.

Jumanne Mwalimu Najib alilisifu gari lao, kisha akauliza, “Kwa nini mlilikata paa?”

Iftin alimtazama Nasteho. Nasteho angeweza kusema walipenda hivyo, na hakuna ambaye angejua. Badala yake akasimulia yote: mabati, kiapo, uongo na Adey. Darasa zima liliangua kicheko, naye masikio yakamwaka moto. Walioshinda safari ya Nairobi walikuwa Guleid na mwenzake. Ilimuuma Nasteho, tena ilimuuma sana. Lakini Iftin alimsogelea kwenye dawati akanong’ona, “Muhula ujao tuchukue lori,” na kwa neno lile la “tuchukue” Nasteho alijua amesamehewa.

Kesho yake alfajiri Barre alipitia kwa dada yake kunywa chai. Alimkuta mpwa wake amechuchumaa kando ya Adey, chombo katikati ya magoti, akikama.

“Sikiliza, abti,” alisema akiketi karibu. “Ukiiharakisha rangi, utaharibu gari, na gari unaweza kulikata ukaanza upya. Lakini ukiuharakisha ulimi, utamwangamiza asiye na kosa. Adey hana kauli ya kusema ‘si mimi’. Kila unapotaka kumtupia mwingine kosa lako, kumbuka shingo iliyokuwa inangoja kisu.”

“Nakumbuka, Abti,” Nasteho alijibu. Hakugeuka, wala hakuinuka. Adey alisimama tuli akicheua, na Nasteho naye alitulia hadi chombo kikajaa.