Laini ya Simu kwa Jina la Hajara

Hajara aliamka kila siku kabla ya adhana ya alfajiri. Alibandika chai, kisha akaenda kumtazama binti yake, Jannat. Alimtazama usoni kabla ya kumsalimia mtu yeyote. Jannat alikuwa na sikoseli, ugonjwa wa damu unaoleta maumivu makali ya mifupa bila kubisha hodi.

Familia hii iliishi Kyengera, nje kidogo ya Kampala. Hospitali ya Mulago, anakotibiwa Jannat, iko mbali, na katikati kuna foleni ya magari isiyomhurumia mgonjwa. Mara ya mwisho walikwama njiani, pale Busega, mtoto akalia mpaka sauti ikamkauka. Daktari hakumficha Hajara. Alimwambia kwamba mtoto akichelewa hivi tena, wanaweza kumpoteza. Tangu hapo Hajara alikuwa na haja moja tu duniani: kuhamia karibu na hospitali.

Mumewe, Maalim Bashir, alifundisha Kurani madrasani. Mshahara wa madrasa tunaujua sote. Aliyebeba mzigo wa nyumba ni Hajara, kwa duka lake la vitenge pale Kikuubo, mtaa wa biashara katikati ya jiji. Duka lenyewe upana wake ni wa mlango tu. Kwa hiyo walipopata vyumba viwili karibu na Mulago, mwendo wa kutembea hadi hospitali, walikubaliana mkataba uandikwe kwa jina la mke.

Msimamizi wa nyumba aliitwa Odur. Alikuwa mpole, lakini mtu wa taratibu. Alimpa Hajara karatasi ya kutoa ruhusa ili habari zake za mikopo ziangaliwe. Alieleza kwamba wapangaji waliopita walimtesa sana mwenye nyumba, na sasa kila mpangaji mpya anaangaliwa kwanza.

Hajara alitabasamu. Katika ukoo wao, tangu mababu walipokuja na bidhaa zao kutoka pwani, riba ni haramu. Benki alizipita upande wa pili wa barabara.

"Angalia utakavyo, mzee," alisema huku akisaini. "Mimi sijawahi kukopa kwa riba hata shilingi."

Siku chache baadaye Odur alimpigia simu. Ripoti ilionyesha mkopo wa simu kwa jina la Hajara, na ulikuwa haujalipwa kwa muda mrefu. Mwenye nyumba alikuwa amekataa. Odur alimwambia kwamba kama kuna maelezo, ayalete kabla ya mwisho wa mwezi, maana kuna watu wengine wanaoitaka nyumba.

Hajara aliketi juu ya robota la vitenge.

Nyumbani mambo yalikuwa mazito zaidi. Bashir, ambaye kila Ramadhani huwaonya watu msikitini kuhusu riba, alimsikiliza mkewe hadi mwisho. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Hajara, ulikopa ukanificha?"

Swali hilo lilimchoma kuliko kunyimwa nyumba. Aliapa kwamba hakukopa. Bashir alisema anamwamini, lakini alikula bila kuinua macho. Hajara alilia jikoni peke yake, na alilia kwa uchungu.

Jirani yao mmoja, Lanyero, mwanamke wa Gulu, alifanya kazi katika idara ya mikopo ya benki moja huko Nakawa. Kwa miaka yote ya ujirani Hajara alimhurumia kimyakimya, mtu mwema namna ile kupata riziki yake kwenye mambo ya riba. Sasa alikwenda kumgongea mlango yeye huyo.

"Mama Jannat, kwanza pata ripoti yenyewe," Lanyero alimwambia. "Ni haki yako kuiona. Usigombane na kitu ambacho hujakisoma."

Hajara alikwenda mjini na kitambulisho chake cha taifa, kwenye ofisi inayotunza kumbukumbu za mikopo. Aliporudi na ripoti, yeye, Bashir na Lanyero waliketi kwenye mkeka, na Lanyero akaanza kueleza. Alisema ofisi ile haimjui mtu kwa sura wala kwa tabia. Inapokea habari kutoka kwa wakopeshaji: benki, sacco za kuweka na kukopa, na wale wanaokopesha kwa simu. Wanaipelekea habari za aliyekopa, anayelipa kwa wakati na aliyechelewa. Mema yanaandikwa, na mabaya yanaandikwa. Mtu akitaka mkopo au nyumba ya kupanga, huombwa ruhusa, kisha habari zake huangaliwa.

"Kwa hiyo ofisi hiyo ndiyo imetunyima nyumba?" Bashir aliuliza.

"Hapana, Maalim. Ofisi inaonyesha tu. Kukubali au kukataa ni juu ya mwenye nyumba."

"Na mtu ambaye hajakopa kabisa?"

"Huyo hana historia. Haina maana kwamba ni mtu mbaya. Wanamtazama kwa mambo mengine, kama vile anavyolipa kodi ya nyumba."

Kisha Lanyero aliweka kidole juu ya karatasi. "Hii namba ya simu iliyochukua mkopo ni ya nani?"

Hajara aliitazama. Namba ile aliipiga karibu kila siku. Ilikuwa ya Bibiane.

Bibiane alikuwa mkimbizi kutoka Bukavu, Kongo. Alichukua vitenge dukani kwa Hajara na kuvitembeza katika soko la Nakawa. Alipofika Kampala karatasi zake zilikuwa bado hazijatoka, na bila karatasi hakuna laini ya simu, na bila laini hakuna biashara. Hajara alimwonea huruma. Alitoa kitambulisho chake mwenyewe, akaweka kidole kwenye mashine, laini ikaandikishwa. Pale Kikuubo wengi walifanyiana hivyo. Kwao ilikuwa sawa na kumwazima jirani sufuria.

Hajara alipowaeleza hayo, Bashir alifunika uso kwa mikono. Alimwomba mkewe msamaha mbele ya jirani, bila kuona haya. Kisha hasira ikampanda.

"Basi tuandike kwamba namba hii hatuijui. Ni kosa lao, wafute."

Lanyero alitikisa kichwa. "Kama wangekosea, au mtu angeiba kitambulisho cha Mama Jannat, mngeandika malalamiko na wangelazimika kuchunguza. Lakini laini hii aliitoa yeye kwa mkono wake. Mkiandika kwamba hamuijui, mmeandika uongo."

Bashir alikubali kwamba hilo haliwezekani. Lanyero aliwaonya pia wasimpe pesa mtu yeyote anayeahidi kusafisha jina, maana watu wa namna hiyo hawakosekani mjini.

Kesho yake Hajara alimfuata Bibiane sokoni. Njiani alikuwa amepanga maneno makali. Alipomwona amesimama juani na vitenge begani, alibaki na swali moja tu: kwa nini hukuniambia habari za mkopo?

"Haya ilinikamata, Mama Jannat," Bibiane alisema. "Mutoto alikuwa na malaria, nikakopa na simu. Nilianza kulipa, kisha biashara ikaanguka. Wakaacha kunipigia, nikazani imeisha. Nilizani deni inafuata simu. Sikujua inafuata jina yako."

Hajara alimweleza habari za nyumba na za Jannat, na maneno ya daktari. Bibiane aliweka vitenge chini akalia. Hakujitetea tena. Siku ile ile aliuza cherehani yake, kitu pekee cha thamani alichokuwa nacho. Hajara aliongezea kilichopungua, wakapatana Bibiane amrudishie polepole. Deni lilikuwa limevimba kwa ada za kuchelewa, na Hajara alizilipa kwa uchungu. Wakopeshaji waliwapa barua ya kuthibitisha kwamba deni limekwisha.

Lanyero alisema barua peke yake haitoshi. Hajara aliwafuatilia wakopeshaji mpaka wakapeleka habari mpya kwenye ofisi ya kumbukumbu, akachukua ripoti nyingine. Sasa iliandikwa kwamba mkopo umelipwa. Kuchelewa hakukufutwa. Kungeonekana bado kwa muda.

Wakati huo Bibiane alikuwa tayari na kitambulisho chake cha ukimbizi. Waliandamana hadi duka la kampuni ya simu, laini ya zamani ikafungwa, naye akaandikisha mpya kwa jina lake mwenyewe. Hajara aliuliza pia ni laini ngapi ziko kwa jina lake. Aliambiwa imebaki yake tu, akashusha pumzi.

Zilibaki siku za kuhesabu kabla ya mwezi kwisha. Hajara alimpelekea Odur ripoti mpya, barua, na risiti za kodi ya Kyengera, ambayo hakuwahi kuichelewesha.

"Hapa bado panasema ulichelewa," Odur alisema.

"Ndiyo, mzee. Sikukopa mimi, lakini jina nililitoa mimi. Sitakudanganya."

Odur alizisoma risiti moja moja, kisha akatoka nje kumpigia mwenye nyumba. Alirudi na jibu: watakubaliwa, ila waweke pesa za dhamana nyingi kuliko wengine. Hajara alikubali kabla Odur hajamaliza kusema.

Walihamia. Huko Kikuubo, mwanamke mgeni alipomwomba Hajara amwandikishie laini, alikataa kwa upole. Alifunga duka akampeleka mwenyewe kuuliza karatasi gani zinatakiwa.

Kisha, asubuhi moja ya mvua, Jannat aliamka akishika mapaja, midomo imekauka. Bashir alimbeba mgongoni, Hajara akafuata na mwavuli. Magari yalikuwa yamesimama barabarani, yamepangana mpaka macho yanapoishia. Wao walipita pembeni kwa miguu. Walifika hospitali kabla mtoto hajaanza kupiga kelele za maumivu.

Muuguzi alimpokea, akamwekea dripu na dawa. "Mmewahi," aliwaambia.

Adhuhuri Jannat alikuwa ameketi kitandani, anaomba mkate na chai.