Sauti Ndani ya Mkono wa Anaeli

Kila asubuhi, ukungu ukiwa bado chini, Anaeli na binamu yake Brenda walikata majani ya ng'ombe huko kwao Marangu. Mwezi huu Brenda alikata peke yake. Anaeli alikuwa amevunjika mkono, na hospitalini Moshi walimfunga mfupa kwa skrubu za magnesi, madini yanayoyeyuka polepole mwilini huku mfupa ukiunga.

"Usibebe chochote kwa miezi mitatu," Daktari Eliakim alimwonya.

"Kumbe tuna mgeni rasmi!" Brenda alimtania. "Ndizi anakula, majani hakati."

Utani ule ulimchoma. Jumamosi Brenda alipokwenda sokoni, Anaeli alijitwisha mzigo mzima wa majani, akaushikilia kwa mkono ule ule uliovunjika.

Jumatatu jioni, akipita penye kaburi la babu katikati ya migomba, alisikia kitu. Krr. Akasimama, kikanyamaza. Akapiga hatua. Krr. Nyuma yake kulikuwa na ukungu tu. Akagusa mkono wake, na nywele zikamsimama. Sauti ilitoka chini ya ngozi, kama mtu anayekanyaga majani makavu.

"Ni babu," Brenda alinong'ona alipoambiwa. "Anatafuna skrubu zako."

Brenda alicheka. Anaeli hakucheka. Siku nne alificha uvimbe ndani ya sweta, hadi Bibi alipouona na kumpeleka Moshi.

Katika picha ya eksirei, skrubu moja ilikuwa imelika kama mfupa uliotafunwa. Kando yake vilielea vivuli vyeusi.

"Ni gesi," alisema daktari. "Magnesi ikiyeyuka huitoa. Kidogo si neno, ila hii imezidi. Ulibeba kitu?"

"Hapana, daktari."

"Basi huenda ni vijidudu. Kesho tutapasua tena."

Anaeli alitazama vile vivuli. "Nilibeba majani," alisema. "Mzigo mzima."

Daktari aliweka kalamu chini. "Skrubu ikilemewa, huliwa haraka kuliko mfupa unavyounga. Tutapima damu kuhakikisha, kisha utafungwa hogo, plasta ngumu, kwa wiki sita. Nusura nikupasue bure, mwanangu. Siwezi kutibu nilichofichwa."

Nyumbani, Brenda alisubiri kaburini, ameshika jani la isale, lile la kuombea msamaha. Anaeli alilipokea.

"Na huyo mzee mwombeni radhi," alisema Bibi. "Siku nne mnamsingizia kutafuna vyuma, na alikufa hana hata jino moja!"