Banda Lisilopitisha Upepo

Kila asubuhi, Mama Mapacha aliamkia kwenye banda la kuku. Siku hizi alilifungua roho mkononi. Leo tena kifaranga mmoja alikuwa amekufa. Wenzake walikohoa, macho yamewavimba.

"Baba Mapacha, wanaisha!" akamwita mumewe. "Hii ndiyo mbegu aliyoniachia marehemu mama. Kisiwa kizima hakuna mwingine mwenye kuku hawa. Wakifa, ndiyo basi tena!"

Mumewe alikuwa fundi wa mashua. Aliweka randa chini, akanuna.

"Usilisingizie banda langu. Nyufa zote nimeziziba kwa pamba na mafuta, kama mashua. Hata tone haliingii!"

Mama Mapacha alikwenda kumwita bibi mifugo, jirani yao. Bibi mifugo akaingiza kichwa bandani. Lo! Alikitoa mbio, machozi yakimtoka.

"Shemeji, hebu ingiza na wewe."

Fundi akaingiza kichwa. Akatoka anapiga chafya mfululizo.

"Umeionja?" bibi mifugo akacheka. "Hiyo ni harufu ya kinyesi, haina pa kutokea. Kuku hasafiri baharini, shemeji! Anataka paa lisilovuja, lakini anataka na upepo. Kata kuta kwa juu, weka wavu wa waya. Chini mwaga maranda makavu. Yakilowa, zoa, weka mengine."

"Maranda?" Mama Mapacha akashika kiuno. "Haya tunayoyachoma kila siku?"

"Hayo hayo. Wanaokohoa watenge, nitawaletea dawa. Wakipona kabisa tutawachanja wote, wasije wakapata mdondo. Huo ukiingia unafagia banda zima."

"Kutoboa kazi ya mikono yangu mwenyewe!" fundi akalalamika. Lakini alichukua msumeno, akakata.

Kifaranga mmoja zaidi alikufa. Mama Mapacha alilia, akaendelea kuzoa na kumwaga maranda. Kikohozi kikapungua, kikaisha. Vifaranga wakachangamka, wakakua, wakachanjwa. Ah, alishusha pumzi jamani! Usingizi ulimrudia.

Mitetea walipoanza kutaga, alimpelekea bibi mifugo jogoo na mtetea.

"Unanipa kabisa?"

"Nakupa. Fundi atakujengea banda."

"Lenye matundu!" fundi akadakia.

Wakacheka wote. Mama Mapacha akamkabidhi jirani yake wale kuku.

"Sasa hata kwangu kukiingia balaa," alisema, "kuku wa mama watakuwepo kwako."