Unga wa Meno ya Maiti

"Unga umeingia. Mpishi bado. Usiguse jiko."

Sauti ya Mkuu ikakatika kwenye kifaa cha sikioni. Shangazi akaendelea kudeki.

Ndivyo walivyomwita katika idara ya upelelezi, Shangazi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyekwishawatia pingu wanaume wengi kuliko aliowapikia chai. Kwa siku kumi na moja alikuwa msafishaji wa kliniki hii ya meno, na siku zote hizo hakuna aliyemtazama usoni. Daktari alimpita kama anavyoipita ndoo. Shangazi alimdharau tangu siku ya kwanza, na dharau hiyo ilizidi kunenepa.

Chumba cha nyuma kilikuwa na maboksi sita yaliyoandikwa "Chaki". Ndani mlikuwa na meno ya watu, yaliyong'olewa kwa koleo vinywani mwa maiti ng'ambo ya mpaka.

Kazi yenyewe, ikifanywa na watu wenye akili, ni ya heshima. Jino la mgonjwa likishang'olewa hukwanguliwa, husagwa, huoshwa kwa dawa, kisha unga wake hurudishwa kwenye taya la mgonjwa huyohuyo. Mwili hauukatai, na mfupa uliosinyaa huota upya. Hawa wajinga walisaga meno ya marehemu kwa mashine ya kahawa. Kuosha waliona ni kujichosha.

Mpishi, kwa lugha ya siri ya idara, ndiye aliyeyaleta; jiko ni chumba cha matibabu. Mitaani walimwita Tabasamu. Alikamatwa mara mbili, akaachiwa mara mbili, kila mara akiapa kwamba yeye ni mleta chaki tu. Safari hii Mkuu alitaka kauli kutoka mdomoni mwa Tabasamu mwenyewe. Bila hiyo angetoka tena akipunga mkono.

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi. Shangazi akaitazama saa yake ya Casio. Kioo chake kidogo kilionyesha pia chumba cha matibabu, kutoka kwenye kamera aliyoibandika chini ya taa. Mgonjwa alikuwa akipanda kitini.

Dekio likamponyoka.

Alikuwa dada yake.

"Mkuu, mgonjwa ni dada yangu. Wanataka kumwekea ule uchafu."

"Mpishi yuko umbali wa dakika tano. Usiguse jiko."

"Mkuu..."

"Ni amri."

Shangazi alimheshimu Mkuu. Lakini si Mkuu aliyemshonea sare ya shule mama yao alipofariki; ni dada. Akaokota dekio, akavuta ndoo, akaingia.

"Wewe mama, toka! Huoni nina mgonjwa?" Daktari akafoka.

"Kuna maji yamemwagika, daktari."

Dada akageuza shingo. "He! Wewe? Kuuza bima kumekushinda mpaka unadeki vyumba vya watu?"

"Mambo magumu, dada."

"Na hukuniambia! Tutaongea nyumbani."

Daktari hakushuku kitu. Kichwa chake kilikuwa cha kuvalia kofia tu. Akainua kichupa, akasoma lebo kwa sauti, kama alivyomsomea kila mgonjwa ili amvimbishe kichwa.

"Unga huu, mama, umetokana na jino lako mwenyewe, tulilong'oa jana."

Dada akamkazia macho. "Jino gani?"

"La kwako, mama."

Dada akachomoa meno ya bandia, ya juu na ya chini, akamtia daktari kiganjani yakiwa na mate.

"Nina miaka kumi na miwili sina hata moja. Hilo la jana umeling'oa wapi?"

Daktari akaisoma lebo upya. Alijua fika kwamba mgonjwa hana jino; yeye mwenyewe ndiye aliyempiga picha ya taya. Lakini walichapa lebo moja kwa wagonjwa wote, naye akaisoma kama kasuku. Daktari wa meno asiyetazama meno! Shangazi nusura acheke.

Mlango ukafunguka.

Suti nyeupe. Meno thelathini na mawili yanayong'aa. Tabasamu.

"Kelele za nini? Mchome sindano alale, umwekee. Wateja wananisubiri."

Daktari akainua sindano.

Dekio likatua kwenye kifundo cha mkono wake. Sindano ikaruka. Mkono wa Tabasamu ukaingia kotini, ukakwamia humohumo, kwa sababu Glock, bastola ya Shangazi, ilikwisha kutoka ndooni ndani ya mfuko wa plastiki, ikimtazama puani.

"Taratibu," Shangazi alisema, akimpokonya Tabasamu bastola yake.

"Bibie, umekosea mtu. Mimi naleta chaki. Na unga huo ni safi kabisa, muulize daktari."

"Safi?"

"Safi kuliko roho yako."

"Vizuri. Dada, teremka. Bwana apande."

Alipanda. Glock ina ushawishi wake.

"Daktari, mpasue ufizi. Mjaze."

Daktari alikuwa mtu wa kutii sauti yoyote iliyo kali. Akashika kisu kwa mkono uliobaki mzima, akafungua kichupa. Harufu ikatoka. Kijasho kikamtiririka Tabasamu mpaka kwenye kola.

"Acha! Acha, mpumbavu wewe! Si unajua haukuoshwa? Ni meno ya maiti hayo! Nimeyaleta mwenyewe, najua walikufa kwa ugonjwa gani! Usiniwekee!"

Mkuu akakohoa sikioni. "Tumesikia. Chumba kizima hapa idarani kimesikia."

Shangazi akashusha silaha. Kwenye mafaili waliitwa mtandao hatari. Siku kumi na moja za kudeki, kumbe ni kwa ajili ya majuha hawa! Aliona kinyaa, na hasira ilimpanda zaidi alipokumbuka waliotangulia kwenye kiti kile.

"Orodha ya wote uliowawekea," alimwambia daktari. "Waitwe leo hii hospitali, wapimwe."

Askari sita wakaingia na bunduki. Dada alikuwa ameshasuuza meno yake na kuyarudisha. Akamtazama Tabasamu akifungwa pingu, akamtazama mdogo wake kuanzia juu mpaka chini, akasonya.

"Mkoba wangu uko hapo mapokezi. Nibebee, magoti yananiuma."

"Sawa, dada."

Nje, kamanda wa askari alikakamaa na kupiga saluti. Shangazi hakuirudisha. Mkono mmoja ulishika mkoba, mwingine ulimshika dada, na wote wawili wakateremka ngazi polepole.